Watoto na Safari Ndefu ya Gari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wazazi na walezi wanaosafiri na watoto ndani ya gari la familia kwa saa kadhaa mfululizo. Yanahusu zaidi watoto wenye umri wa kati ya mwaka 1 na miaka 12, ingawa watoto wachanga na vijana nao wametengewa nafasi yao. Mtoto aliyefungwa mkanda hapungukiwi vitu vya kuchezea kwa kiasi anachopungukiwa mwendo, uhuru wa kuchagua na mtu wa kuzungumza naye, kwa hiyo mzazi anayejiandaa kwa kununua vitu vingi huwa ametatua sehemu ndogo tu ya tatizo.

Kwa nini mtoto anayecheza peke yake nyumbani kwa muda mrefu hushindwa kutulia garini hata kwa saa moja?

Nyumbani mtoto huyo hatulii; huhama kutoka sakafuni hadi mlangoni, huacha mchezo huu akashika ule, na hurudi kwa mzazi kila anapotaka kuhakikisha kwamba bado yupo. Garini mambo hayo yote hukatazwa kwa wakati mmoja. Zaidi ya hayo, mtoto mdogo bado hajui kukadiria muda, na kumwambia kwamba zimebaki saa 3 ni sawa na kutomwambia kitu. Kelele zake kwa kawaida si utovu wa adabu, bali ni dalili kwamba amekaa mkao mmoja kupita uwezo wake bila kujua mwisho wake ni lini.

Nifungashe nini kwa ajili ya burudani yao?

Vitu vichache, na vingi kati ya hivyo viwe vile ambavyo mtoto hawezi kuvimaliza. Karatasi tupu na kalamu za rangi humshughulisha mtoto kwa muda mrefu kuliko mwanasesere anayefanya jambo moja tu. Vibandiko vinavyobanduka kwenye kioo cha dirisha, kamba nene ya kufunga na kufungua mafundo, vikaragosi vya kuvaa vidoleni, kitabu cha picha chenye mambo mengi ya kutafuta katika kila ukurasa, pamoja na ubao mgumu wa kuwekwa mapajani vinatosha kwa safari ya siku nzima. Kila mtoto awe na mfuko wake mdogo anaoufikia bila kufungua mkanda, kwa kuwa kitu kilichofungiwa ndani ya buti hakimsaidii mtu yeyote.

Visitolewe vyote kwa pamoja. Mtoto akimwaga mfuko mzima mapajani, atakuwa amevigusa vyote na kuvichoka kabla gari halijatoka mjini. Ni afadhali mtu mzima ashike nusu ya vitu hivyo na kutoa kimoja kimoja, hasa katika nusu ya pili ya safari, ambapo uchovu huwa mwingi na hamu ya vitu vilivyozoeleka imekwisha.

Kuna vitu visivyofaa hata kama mtoto anavipenda. Penseli iliyochongwa, kijiti na peremende yenye kijiti vinaweza kumjeruhi mtoto dereva anapokanyaga breki ghafla. Vitu vizito na vigumu visiachwe juu ya viti au nyuma ya vichwa vya abiria, kwa sababu gari likigonga au kusimama ghafla huruka mbele kwa kasi ile ile ambayo gari lilikuwa nayo. Mtoto mdogo asipewe sumaku ndogo wala kitu chenye betri bapa za mviringo ambazo kifuniko chake hakikufungwa kwa skrubu. Betri hizo zikimezwa huunguza umio, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2. Rangi za nta nazo huyeyuka gari likiachwa juani, na kuziondoa kwenye kitambaa cha kiti ni kazi isiyopendeza hata kidogo.

Je, ni bora kusafiri usiku ili watoto walale?

Wazo hilo huvutia, na watoto wengi kweli hulala, lakini lina gharama ambayo wazazi huisahau: dereva naye ni mwanadamu mwenye usingizi. Mwili wa binadamu hulemewa zaidi na usingizi kati ya saa 6 usiku na alfajiri, na tena kwa kiasi kidogo baada ya mchana, na hakuna utulivu wa watoto unaostahili kununuliwa kwa hatari hiyo. Mpango wenye busara zaidi ni kuondoka mapema alfajiri baada ya dereva kulala usiku kucha. Watoto hubebwa wakiwa na usingizi, hulala tena saa za mwanzo, na sehemu inayobaki ya kuwaburudisha huwa fupi. Ratiba nyingine inayofaa ni kupanga sehemu ndefu isiyo na vituo iangukie wakati ambao mtoto huzoea kulala mchana.

Ni michezo gani isiyohitaji kitu chochote?

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo mzazi anapopaswa kujiandaa kuliko kwenye mfuko wa vitu.

Vitendawili vinastahili nafasi ya kwanza, kwa sababu vina utaratibu wake wa zamu unaojulikana na kila mtoto: mmoja anasema "Kitendawili", wengine wanajibu "Tega", na aliyeshindwa hutoa mji. Kuanzia "Nyumba yangu haina mlango" ambayo ni yai, hadi "Nikienda huenda, nikisimama husimama" ambayo ni kivuli, mzazi anaweza kupanda polepole kutoka kwenye vyepesi hadi vigumu kwa kadiri ya umri wa walio ndani ya gari. Vikiisha, watoto waambiwe watunge vyao kutokana na wanachokiona njiani. Vya kwanza vitakuwa vibovu, na ubovu huo wenyewe huchekesha.

Mchezo wa silabi ya mwisho unaikaa lugha yetu vizuri, kwa kuwa karibu kila neno huishia kwa irabu. Mchezaji wa kwanza hutaja neno, na anayefuata hutaja neno linaloanza kwa silabi iliyomalizia lile lililotangulia: kalamu, muziki, kitanda, ndama, maji, jirani, na kuendelea hadi mmoja akwame. Sharti la kutorudia neno huufanya mchezo huu uwe mgumu kiasi cha kuwashughulisha hata watu wazima. Kwa watoto ambao bado hawajaanza shule, sharti hilo liondolewe na mzazi asaidie kwa kutaja silabi waziwazi.

Hadithi ya kupokezana nayo haichoki upesi. Mmoja huanza kwa sentensi moja, mwingine huongeza ya pili, na kila mtu huivuta hadithi upande wake. Kinachoiharibu kwa kawaida ni mtoto mmoja kumuua mhusika mkuu mapema. Ziwekwe kanuni mbili kabla ya kuanza, kwamba mhusika mkuu hafi na kwamba hakuna kuamka na kusema yote yalikuwa ndoto. Namna nyingine ni kupishana habari njema na habari mbaya: anayeanza husema jambo la bahati lililompata mhusika, anayefuata husema balaa lililofuatia, na wa tatu humwokoa.

Michezo ya dirishani huwafaa wale wanaochoka kusikiliza. Mtoto mmoja anaweza kuhesabu magari meupe na mwingine mekundu hadi mmoja afikishe 20. Wanaojua kusoma wanaweza kutafuta herufi za alfabeti kwa mfuatano kwenye mabango na vibao vya namba za magari, ambako kila herufi ikionekana hutajwa pamoja na mahali ilipo. Na wanaojifunza hesabu wanaweza kujumlisha tarakimu za kibao cha gari lililo mbele kabla halijapotea. Katika mchezo wa kubahatisha kitu, mmoja hufikiria mnyama, mtu au chombo, na wengine wana maswali 20 yanayojibiwa kwa "ndiyo" au "hapana" tu. Watoto wengi huanza kwa kutaja majina moja kwa moja, na mzazi anaweza kuwaonyesha kwamba swali linalogawa uwezekano katika nusu mbili, kwa mfano kama kitu hicho kina uhai, hufupisha safari ya kufikia jibu.

Pia yapo maneno magumu ya kutamka haraka, kama "kale kakuku ka kaka kako wapi, kaka?", ambayo humaliza ugomvi haraka kuliko karipio, kwa sababu ni vigumu kununa na kucheka kwa wakati mmoja.

Watoto wangu wana umri tofauti. Nifanyeje ili mmoja asichoke wakati mwingine anafurahi?

Wapangieni kazi tofauti ndani ya mchezo ule ule. Mdogo anatafuta rangi, wa kati anahesabu, mkubwa anaandika matokeo na kuamua mabishano. Mkubwa akipewa cheo, mara nyingi hubeba sehemu ya mzigo wa kumchangamsha mdogo bila kuombwa. Hata hivyo, asigeuzwe kuwa yaya wa safari nzima. Apewe vipindi vyake vya kuachwa na muziki au kitabu chake, na wadogo waelezwe kwamba wakati huo hasumbuliwi.

Mtoto mchanga anahitaji burudani gani?

Anahitaji kidogo sana ya aina hiyo, na sana sana anahitaji kutolewa kitini. Mtoto mchanga asikae katika kiti cha gari kwa saa nyingi mfululizo, kwa kuwa mkao wake wa nusu kulala unaweza kuinamisha kichwa chake mbele na kubana njia ya hewa; ushauri unaotolewa na wataalamu wengi ni kusimama angalau kila baada ya saa 2 na kumlaza au kumbeba kwa muda. Kiti chake kielekee nyuma ya gari, na kamwe kisiwekwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Kinachomfurahisha ni sauti ya mtu anayemfahamu, wimbo unaorudiwa, na uso anaoweza kuuona, ndiyo maana mtu mzima wa pili akiketi nyuma pamoja naye huwa na manufaa kuliko mwanasesere yeyote. Asitolewe kitini gari likiwa linatembea, hata kama analia na hata kama ni kwa ajili ya kunyonya. Gari lisimamishwe mahali salama kwanza.

Je, ni kosa kuwapa kishikwambi au simu?

Si kosa, ila huwa ni uamuzi unaofanywa mapema mno. Skrini ikitolewa dakika ya kwanza, mchezo mwingine wowote utakaofuata utaonekana kuwa adhabu, na betri itaisha katika kipindi kile hasa ambacho mzazi angeihitaji. Rai yetu ni kwamba iwekwe akiba hadi theluthi ya mwisho ya safari, na muda wake utajwe kwa kitu kinachomalizika chenyewe, kama filamu moja au vipindi viwili, badala ya dakika ambazo mtoto hawezi kuzipima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi skrini kwa watoto walio chini ya miaka 2, na kwa wenye miaka 2 hadi 4 unashauri isizidi saa 1 kwa siku. Siku moja ya safari haitamharibu mtoto, lakini kipimo hicho ni ukumbusho mzuri kwa mzazi anayetaka kuiacha skrini ifanye kazi yote.

Vipindi vipakuliwe kabla ya kuondoka, kwa kuwa mtandao hukatika njiani. Chombo kishikiliwe na kishikio imara nyuma ya kiti cha mbele, kisiachwe mapajani. Sauti nayo iangaliwe: ngurumo ya gari humfanya mtoto aongeze sauti ya vifaa vya masikioni bila kujua, na ikiwa hasikii unapomsemesha kwa sauti ya kawaida kutoka umbali wa mkono mmoja, basi imezidi.

Hadithi za kusikiliza zinastahili kutajwa kando na skrini. Huwaunganisha wote waliomo garini, hazichoshi macho, na humruhusu mtoto kutazama nje akiwa amezama katika habari anayoisikia. Kati ya kununua mwanasesere mpya na kutafuta hadithi ndefu nzuri iliyorekodiwa, chagueni hadithi.

Mtoto wangu huchafukwa na kutapika. Anaweza kucheza nini?

Kichefuchefu cha safari hutokea pale ambapo sehemu ya ndani ya sikio, inayosimamia mizani ya mwili, inahisi mwendo huku macho yakitazama kitu kilichotulia, kama ukurasa au skrini, na ubongo ukapokea taarifa mbili zinazopingana. Hali hii huwasumbua zaidi watoto wa miaka 2 hadi 12. Kwa sababu hiyo, kwa mtoto wa namna hii vitabu, kuchora na vishikwambi viondolewe kabisa kwenye orodha, na michezo ya kusikiliza, kuimba na kutazama mbali ichukue nafasi yake. Mchezo wa kutafuta vitu vilivyo mbali mbele ya gari huwa burudani na tiba kwa pamoja.

Apewe chakula kidogo kisicho na mafuta mengi kabla ya kuondoka, hewa safi iingie, na harufu kali za marashi ziepukwe. Zipo dawa za kuzuia kichefuchefu zinazomezwa kabla ya safari, lakini kipimo chake hutegemea umri na baadhi yake humfanya mtoto asinzie au, kwa watoto wachache, ahangaike zaidi, kwa hiyo daktari au mfamasia aulizwe kwanza. Mifuko isiyovuja, taulo na nguo ya kubadilisha viwekwe karibu na mkono, visiwe chini ya mizigo.

Nimjibuje anayeuliza kila mara kama tumefika?

Mjibu kwa kitu anachoweza kukiona. Kabla ya safari, chora mstari mrefu kwenye karatasi, uweke alama za mji, daraja, mlima, kituo cha mafuta na mahali pa kula, kisha mwachie mtoto asogeze kibandiko kila mnapopita alama mojawapo. Mtoto anayejua kwamba daraja limepita na sasa unasubiriwa mlima huwa na jambo la kungojea, na swali lake hubadilika kutoka "Tumefika?" hadi "Mlima uko wapi?", swali ambalo hata abiria mwingine anaweza kulijibu. Usidanganye kwamba mmekaribia ikiwa bado. Hila hiyo hufanya kazi mara moja tu.

Watoto wakianza kugombana nyuma, dereva afanye nini?

Dereva asigeuke. Gari likiwa katika mwendo wa kilomita 90 kwa saa hupita mita 25 kila sekunde, na mtazamo wa sekunde 2 nyuma ni mita 50 bila mtu anayeangalia barabara. Kama yuko mtu mzima mwingine, yeye ndiye ashughulikie. Kama hayupo, dereva atafute mahali salama, asimamishe gari na kunyamaza mpaka kimya kirudi. Kusimama huko, bila hotuba, huwa na nguvu kuliko vitisho ambavyo watoto wanajua havitatekelezwa.

Kinga yake ni mpangilio. Zamu ya kukaa dirishani iamuliwe kabla ya kuingia garini na ibadilishwe kila kituo. Kila mtoto awe na vitu vyake. Na wale wawili ambao daima huchokozana watenganishwe na kiti cha mtoto mdogo au mtu mzima, ikiwa nafasi inaruhusu. Ugomvi mwingi wa garini huanza kwa njaa, joto au mkojo, na mzazi akiyakagua hayo matatu kabla ya kusikiliza kesi, mara nyingi kesi hufutika yenyewe.

Tusimame mara ngapi, na kwa muda gani?

Dakika 15 kila baada ya saa 2 ni kipimo kinachomfaa dereva, na watoto wadogo wanaweza kuhitaji zaidi. Muhimu ni namna muda huo unavyotumika. Familia inayoshuka garini na kwenda kuketi mezani, kisha ikarudi kuketi garini, haijampumzisha mtoto hata kidogo. Wakimbizwe, waruke, warushiane mpira mwepesi au washindane kuruka kwa mguu mmoja, mbali na magari, na mtu mzima akiwa ameshika nafasi upande wa barabara. Chooni waende wote, hata anayeapa kwamba hahitaji.

Mimi ndiye dereva na mtu mzima pekee. Inawezekana?

Inawezekana, kwa masharti magumu kidogo. Kila kitu kipangwe kabla injini haijawashwa: maji, vitafunwa na mfuko wa kila mtoto viwe vinafikika bila msaada wako, na orodha ya hadithi na nyimbo iwe imeanza kucheza. Kitu kikianguka, kinabaki chini hadi kituo kinachofuata, na watoto waelezwe kanuni hiyo mapema ili isigeuke kuwa kilio. Tegemea michezo ya mdomo pekee, na uiache pale barabara inapohitaji akili yako yote. Ni halali kabisa kusema kwamba kwa dakika 10 zijazo hakuna anayezungumza na dereva.

Je, vitafunwa ni burudani?

Kwa kiasi fulani, ndiyo, hasa vile vinavyoliwa kimoja kimoja. Lakini mtoto aliye chini ya miaka 4 au 5 asipewe karanga nzima, peremende ngumu au zabibu nzima, kwani anaweza kupaliwa, na garini dereva huenda asitambue kwa kuwa anayepaliwa hatoi sauti. Sukari nyingi haina faida kwa tumbo linalotikiswa.

Na kijana ambaye hataki kucheza na mtu?

Mwacheni. Mpeni kazi ya kweli badala ya mchezo: kusoma ramani, kuchagua muziki wa saa nzima, kuhesabu muda wa kufika kwa kugawanya umbali kwa mwendo. Mazungumzo ya maana na vijana hutokea sana garini, pengine kwa sababu hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni, na mzazi asiyeyalazimisha ndiye anayeyapata.

Mtoto wangu ana usonji. Ushauri huu unamfaa?

Sehemu yake. Kwa watoto wengi wenye usonji kinachotuliza zaidi ni kujua kinachofuata, kwa hiyo ratiba ya picha ya safari, kuanzia kufunga mkanda hadi kuwasili, ni muhimu kuliko michezo mipya. Vitu alivyovizoea visiachwe nyumbani kwa nia ya kumpa vipya. Ikiwa kelele humsumbua, avae kinga ya masikio, na nyimbo za pamoja zifanywe kwa kiasi. Safari fupi za majaribio kabla ya ile ndefu humsaidia, na ninyi mliokaa naye miaka yote hiyo mnamfahamu kuliko mwongozo wowote.

Tukikwama kwenye foleni au gari likiharibika?

Wekeni akiba ya kitu kimoja ambacho hakijaonekana kwa ajili ya saa hiyo tu, pamoja na maji ya ziada. Watoto wasiachwe peke yao ndani ya gari lililosimama, hata kwa dakika chache na hata madirisha yakiwa yamefunguliwa kidogo. Joto ndani ya gari lililoegeshwa juani linaweza kupanda kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi ndani ya dakika 10, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Ikibidi kushuka kandokando ya barabara, wasimame mbali na lami, nyuma ya kizuizi kama kipo.

Safari ya kurudi huwa ngumu zaidi. Kwa nini, na tufanyeje?

Kwa sababu hakuna kinachosubiriwa mwishoni isipokuwa nyumbani, na mfuko wa vitu umekwisha kuchokwa. Gawanyeni vitu katika mafungu mawili tangu mwanzo, nusu ya kwenda na nusu ya kurudi, na nusu ya pili isifunguliwe huko mnakofikia. Watoto wanaweza pia kupewa kazi ya kuandika au kuchora yaliyotokea, kila mmoja kwa upande wake, kisha yasomwe kwa sauti ili wengine wabishe. Mtoto aliyechoka akitaka kutazama nje bila kufanya lolote, asisumbuliwe kwa mchezo mwingine.